Mkono wa Kwanza Urudishwe

Temeke, Dar es Salaam
2 Machi 1953

Dada Avelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote, wewe na Baba na Baba Mdogo Gozbert. Mimi ni mzima. Bado napanga kwa Bi Chausiku, naye anawasalimu ingawa hajui Bukoba iko upande gani. Nilipomwambia huko kwetu kuna baridi aliamua kwamba mnakaa jirani na Ulaya, na sasa akipata mgeni humwambia, "Huyu kijana wangu anatoka kule kwa Wazungu."

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Januari, Kornelio wa bandarini, jirani yetu wa kijijini, alipokwenda huko kwa likizo yake ndefu, nilimpa mkono wangu wa bandia aupeleke kwa mhunzi Apolinari. Bawaba ya kiwiko ilikatika na mafundi wa hapa walishindwa kuiunga. Wakati huohuo niliiandikia kampuni ya bima inayolipia ajali za kiwanda chetu cha mbao, nikaomba mkono wa pili. Daktari mwenyewe alisema huu wa kwanza umekwisha kazi. Tangu msumeno uliponichukua mkono wa kulia, kigutu kimepungua unene, na ule wa bandia unachezacheza kama kiatu cha kuazima.

Wamenijibu. Wa pili utatolewa, lakini wa kwanza urudishwe kwanza, uwe mzima au vipande. Wanasema ni mali ya kampuni, mimi nilikuwa nauvaa tu. Kwa hiyo mwambie Apolinari asijisumbue tena. Uufunge kwenye gunia uutume kwa meli ya Mwanza, kisha kwa gari moshi. Msimamizi wangu ananivumilia, lakini karani anayeandika kwa mkono mmoja huku daftari linamkimbia mezani ni kichekesho, naye ameanza kuchoka kucheka.

Mpe Baba shikamoo yangu. Kifua chake kikoje?

Mdogo wako,
Theonest


Rwamashonga, Bukoba
29 Machi 1953

Mdogo wangu Theonest,

Marahaba. Barua yako tumeipata. Sisi tupo. Mvua ni nyingi mwaka huu, upepo umeangusha migomba ya upande wa bondeni lakini ya karibu na nyumba imesimama. Ng'ombe wa Baba Mdogo amezaa jike. Mimi naendelea kufundisha watoto wa darasa la kwanza pale misheni.

Umeuliza kifua cha Baba. Hakimsumbui tena.

Habari ya mkono wako: Apolinari amekwenda Karagwe na kiwanda chake cha uhunzi amekifunga. Vumilia kidogo. Hao watu wa bima hawawezi kukuamini kwa maneno? Wewe umesoma, na kila mtu anajua husemi uongo. Baba Mdogo anasema mambo ya huo mkono usiyaharakishe.

Nimekufungia kahawa ya kutafuna. Usimpe Bi Chausiku yote kama mara ile.

Dada yako,
Avelina


Temeke, Dar es Salaam
18 Aprili 1953

Dada Avelina,

Shikamoo. Kahawa imefika, ahsante. Bi Chausiku ametafuna punje moja akaitema, akasema, "Mie mwanangu nimezoea kuinywa, nyie mwaila kama mbuzi." Tumecheka sana. Nafurahi kusikia Baba anapumua vizuri.

Jumatatu nilikwenda mjini kwenye ofisi ya bima. Kuna karani pale, Mgoa wa makamo, mtu mwema. Aliniuliza mkono uko wapi.

Nikasema, "Uko kwetu Bukoba, kwa fundi."

"Fundi gani anakaa na mkono tangu Januari? Anauzaa upya?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka jana mtu mmoja aliuza mguu wake wa bandia kwa kilema mwingine, kisha akaja kuomba wa pili. Tangu hapo wakubwa hawamwamini yeyote. Wamenipa mpaka mwisho wa Julai. Ikipita, ombi litafutwa, na huenda jina langu likapelekwa polisi kama mtu aliyeuza mali ya kampuni.

Kwa hiyo, Dada, hata kama Apolinari yuko Karagwe, mlango wake una kufuli, na kufuli hufunguliwa. Mwombe mkewe.

Kazini mahali pangu pamebadilika kidogo. Siku hizi niko langoni, nahesabu magogo yanayoingia. Napata hewa.

Theonest


Rwamashonga, Bukoba
17 Mei 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku ni wazima. Kornelio amemaliza likizo yake, anarudi bandarini kwa meli ya wiki hii, lakini hana mzigo wako. Usimsumbue.

Nakuomba usiniulize tena habari ya ule mkono. Waambie hao watu lolote. Umwambie msimamizi wako akurudishe ndani. Langoni si mahali pako.

Ndama anaendelea vizuri.

Avelina


Temeke, Dar es Salaam
6 Juni 1953

Dada Avelina,

Shikamoo.

Nimemwona Kornelio. Mara mbili nilimfuata chumbani kwake Keko nikaambiwa ametoka. Jana nikamkuta njiani, uso kwa uso, hana pa kupita. Alivua kofia, akasema, "Pole, Theonest," akasema tena, "pole sana," akaondoka kabla sijamuuliza kitu.

Mimi huambiwa pole kila siku kwa ajili ya mkono, kwa hiyo sikuwaza. Nilipomsimulia Bi Chausiku aliacha kupepeta mchele. Akasema, "Kornelio si alikuona Januari? Na mkono ulikuwa umekatika zamani. Januari alivua kofia?"

"Hakuvua."

"Basi mwanangu, hiyo pole si ya mkono."

Nimerudi kwenye shajara yangu. Kila barua ikifika huandika tarehe yake na salamu zilizomo. Tangu Februari hakuna barua iliyo na salamu ya Baba. Nilikuuliza kifua chake, ukanijibu hakimsumbui tena. Nilifurahi. Nimekisoma tena kile kifungu.

Dada, Baba yu hai?

Theonest


Rwamashonga, Bukoba
21 Juni 1953

Theonest mdogo wangu,

Keti kwanza. Kama Bi Chausiku yuko karibu, mwite.

Baba alifariki tarehe tisa Februari, alfajiri, akiwa ameniegemea begani. Siku mbili kabla yake alituita mimi na Baba Mdogo akasema, "Theonest asiitwe. Safari ni ndefu, atakuta mmeshanizika, na kazini atakuta wameshamweka mwingine. Akipata huo mkono mpya ndipo mumwambie." Tuliahidi. Ahadi ile nimeibeba vibaya, lakini niliahidi kwa mtu anayekufa.

Sasa habari ya mkono. Unajua mwana mrithi ndiye hutupa udongo wa kwanza, kwa mkono wa kulia, na kabla yake hakuna anayeshika jembe. Wewe ni mwana wa kiume pekee. Jeneza limeshuka, watu wamesimama, mvua inawanyeshea, na hakuna wa kutupa. Wazee wakaanza kuulizana kama tungoje. Ndipo Baba Mdogo akasema, "Mkono wa kulia wa Theonest uko hapa nyumbani." Apolinari alikuwa hajauchukua. Baba Mdogo akautoa kwenye gunia, akaushika kwa zile kamba za ngozi, akachota udongo kwa vidole vyake vya mti, akatupa. Theonest, watu walilia kilio ambacho hawakukilia hata jeneza lilipotoka nyumbani. Mzee mmoja akasema, "Mtoto kafika."

Mkono wa mtu ukishazika hurudi nyumbani na mwenyewe. Ule haukuwa na mwenyewe wa kurudi naye, na wazee wakasema usirudi nyumbani peke yake. Wakaulaza juu ya jeneza, usawa wa kifua. Upo hapo.

Uelewe maana yake. Kwa udongo ule ulimzika baba yako, na kibanja chake, nyumba na migomba yake yote, ni chako. Baba Mdogo anasema mkono ukitolewa, utakuwa hujamzika. Na kwetu asiyemzika baba yake hana nyumba. Lakini mrithi ni wewe. Ukisema tufungue, hakuna wa kukukatalia, hata yeye. Mimi siwezi kukuchagulia. Jibu wewe mwenyewe.

Avelina


Temeke, Dar es Salaam
5 Julai 1953

Dada Avelina,

Shikamoo. Sina hasira. Nilikasirika siku ya kwanza, sasa sina hasira.

Bi Chausiku alitandika mikeka uani bila kuniuliza. Majirani walikuja, wanaume kwa wanawake, watu ambao hawajamjua Baba wala hawajui kutamka jina la kijiji chetu. Shomari muuza mkaa alikaa nami siku tatu. Aliniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, nikashindwa kuanza, nikamwambia alikuwa haongei akila. Akasema, "Hao ndio wazazi."

Jibu langu ni hili: kaburi lisifunguliwe. Mwambie Baba Mdogo nimesema, na nashukuru kwa alivyonishika mkono siku ile.

Tena msiwe na wasiwasi juu ya ombi langu, nimepata njia. Nimeyasoma masharti ya bima yote, hata yale ya maandishi madogo. Yanasema mkono wa pili hutolewa ikiwa wa kwanza umerudishwa, au ikiwa umepotea na mwenyewe ameapa mbele ya hakimu jinsi ulivyopotea. Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda nikaapa. Sikutaka mtu aje kusema niliuuza, basi nikaandika kila kitu kwa utaratibu: jina la kijiji, kibanja cha marehemu baba yangu Kamugisha, kaburi upande wa mashariki ya nyumba walikolala babu zetu, tarehe ya maziko, mkono juu ya jeneza usawa wa kifua, na majina yenu wawili mlioshuhudia. Kurasa tatu.

Yule karani Mgoa alizisoma akaweka kalamu chini. "Bwana Theonest, andika 'umepotea' uende zako nyumbani."

Nikamwambia, "Sijui kuapa nusu."

"Miaka yote niliyokaa hapa nimeona karatasi fupi inapita mlangoni. Ndefu inakwama."

Nilimshukuru, lakini nilizitoa kama zilivyo. Ukweli ukiandikwa wote hauna pa kushikwa. Huko shule walitufundisha hivyo.

Theonest


Temeke, Dar es Salaam
25 Julai 1953

Dada Avelina,

Shikamoo. Asubuhi hii nimepeleka simu ya maandishi kwa Padre wa misheni ili akusomee. Kama imefika, unajua tayari. Kama haijafika, soma haya haraka umpelekee Baba Mdogo kabla hujayamaliza.

Kampuni imejibu. Walizisoma kurasa zangu vizuri, neno kwa neno. Wanasema kitu kilichopotea ni kile ambacho hakijulikani kilipo. Mkono wangu unajulikana ulipo, mpaka usawa wa kifua, na aliyeapa ni mimi. Kwa hiyo haukupotea. Ni mali yao, imewekwa ndani ya ardhi na watu wasio na ruhusa. Wameliandikia boma la serikali huko kwetu liufukue na kuuleta. Barua imeondoka jana.

Nilikwenda mbio. Nikasema naondoa ombi, sitaki tena mkono wa pili, nitafanya kazi kwa mmoja maisha yangu yote. Karani alinihurumia, nilimwona. Akasema, "Ombi unaweza kuliondoa. Kiapo huwezi. Na hata ukiondoa ombi, mali yao ni mali yao." Nikaomba kumwona bwana mkubwa. Alitoka mlangoni, akanisikiliza akiwa amesimama, akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba watafanya kwa heshima.

Hawa watu wasipigwe, Dada. Mwambie Baba Mdogo asishike panga. Ni mimi niliyewaonyesha njia.

Theonest


Rwamashonga, Bukoba
16 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu yako ilikawia kwa Padre, ikawatangulia watu wa boma kwa siku moja tu. Barua imefika baada ya yote.

Walikuja karani wa boma, askari wawili, na wafungwa wanne wenye majembe. Karani alikuwa na zile kurasa zako zimenakiliwa kwa mashine. Alisimama uani akasoma, akageuka mashariki, akahesabu hatua, akasimama juu ya Baba. Hakumuuliza mtu. Hakuwa na haja.

Wanaume wa ukoo walikuwa wamekuja na mapanga. Baba Mdogo aliwaambia wayaweke chini, wakayaweka. Kisha alileta kiti chake, akakaa mbele ya kaburi, akawatazama wafungwa mpaka mwisho. Walipokuwa wanafika kwenye jeneza mmoja wao alitupa jembe akasema yeye haendelei. Askari alimpiga. Hakuendelea. Wenzake walimaliza.

Mkono ulikuwa umelowa na ngozi imeanza kuoza. Karani alihesabu vidole, akaandika, akaufunga kwenye turubai.

Baba Mdogo akamuuliza, "Na huyu mzee mtamfunika kwa mkono wa nani?"

Karani akasema, "Kwa majembe."

Wakafukia, wakaondoka. Hakuna mtu wa ukoo aliyegusa udongo ule.

Jumapili wazee walikaa. Hawakukutukana, nataka ujue. Walisema tu kwamba Theonest hajamzika baba yake. Kibanja kitashikwa na Baba Mdogo. Mimi nimeachwa nyumbani, nalala chumba kilekile, ila wanawake wakija kukata ndizi hawaniombi tena mimi ruhusa.

Avelina


Temeke, Dar es Salaam
20 Septemba 1953

Dada Avelina,

Shikamoo. Sina la kujitetea, na sitajaribu.

Nimepewa mkono wa pili. Niliitwa, nikaenda, kwa sababu msimamizi alisema nisiporudi nao nisirudi kabisa. Ule wa kwanza ulikuwa juu ya rafu nyuma ya karani, umefutwa udongo, una kibandiko chenye jina langu. Niliuomba. Nikasema umeshaonekana, umeshahesabiwa, mnipe niupeleke ulikotoka. Karani aliingia ndani kuuliza, akatoka akitikisa kichwa. Vilivyorudishwa havitoki. Fundi akanivalisha huu mpya, akaniambia nikunje, nikakunja. Unakaa vizuri. Hauchezi hata kidogo.

Nimewaza hivi. Desemba nina likizo. Nitakuja nao. Kama wazee watakubali, wachimbe kidogo tu juu, nami nitatupa udongo mbele ya watu wote, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Safari hii mkono utakuwa na mwenyewe. Niulizie.

Theonest


Rwamashonga, Bukoba
18 Oktoba 1953

Mdogo wangu Theonest,

Marahaba. Nimewauliza.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Baba Mdogo akasema mkono ule wa kwanza tulidhani ni wako, kumbe ulikuwa wa kampuni. Na wa pili ni wa kampuni ileile. Wao ndio watakaokuwa wamemzika Kamugisha, na siku wakiutaka watakuja tena na majembe. Hataki kuwaona mara mbili. Nikasema basi aje na kigutu chake kitupu, atupe kwa mkono wa kushoto. Hapo mzee mmoja akasema kwamba sasa udongo wa kutupwa hautatosha, kaburi linamdai mwenye mkono. Sikuuliza ana maana gani, na hakuna aliyemuuliza.

Mvua za vuli zimeanza. Kaburi linazama. Wiki ya kwanza tulijaza mapipa manne ya udongo, asubuhi yake shimo likarudi. Padre anasema ni kwa sababu ardhi ilitifuliwa ovyo, nami namwamini. Lakini watu wameacha kupita njia ile, na Baba Mdogo amesimamisha kujaza. Anasema tusubiri.

Hakuna anayesema tunasubiri nini. Ila watu ambao hawakuwahi kukutaja sasa wananisimamisha barabarani kunisalimu, na wakimaliza salamu wote wananiuliza jambo moja: Theonest anakuja lini? Jana wameniuliza hata watoto wa darasani kwangu, ambao hawajakuona tangu wazaliwe.

Nimewaambia likizo yako imefutwa, huji mwaka huu wala mwakani. Nimesema uongo na nitaungama. Ukiandika tena, barua zipitie kwa Padre, usiandike siku wala meli.

Usije.

Avelina